Maswali yenu mwezi huu: "Profesa kasema HIV haileti ukimwi, kaka anataka kuacha dawa"

Mwezi huu meseji zenu nyingi zimeangukia sehemu moja. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu kaiwekea mpaka maelezo ya Kiswahili, inasema ukimwi hauletwi na kirusi. Kwa iyo safu yote nimeiachia hilo. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyatoa maana wengine mmeandika mambo ya ndani ya nyumba zenu.

Shikamoo dokta. Kaka yangu alikutwa na maambukizi mwaka juzi, akaanzishiwa dawa na mpaka leo ana afya nzuri tu anaenda kazini. Sasa katumiwa hiyo klipu, kuna profesa wa chuo kikubwa Marekani anasema HIV haina madhara yoyote, kinachoua watu ni dawa zenyewe na umaskini. Kaka keshaanza kusema anataka apumzike dawa aone itakuwaje. Huyo profesa yupo kweli au wametunga? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Profesa hajatungwa, na naomba usianze kwa kumwambia kaka yako kwamba yule ni tapeli, maana akienda kutafuta atakuta sio tapeli halafu hata yale ya kweli utakayomwambia hatayapokea. Jina lake Peter Duesberg, mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, na miaka ya 1970 alikuwa kati ya watu wa mwanzo kabisa kuonyesha jeni iliyo ndani ya kirusi inayoweza kuleta kansa, kazi ya heshima ile. Mwaka 1987 akaandika kwenye jarida la kisayansi la kansa kwamba HIV ipo tu mwilini haifanyi kitu. Ugonjwa wenyewe, kwa maelezo yake, Marekani na Ulaya unaletwa na madawa ya kulevya na baadaye AZT, dawa ya kwanza ya HIV, na Afrika ni njaa, maji machafu na magonjwa yale yale ya zamani yaliyopewa jina jipya.

Mimi nasema wazi, mwaka ule kuuliza halikuwa kosa. Ugonjwa uliripotiwa mara ya kwanza Juni 5, 1981, vijana watano wa Los Angeles, wote mashoga, na kwenye kundi lile wengi walikuwa wanavuta vitu vya kila aina kwenye madisko, sasa mtu akijiuliza labda ni hayo madawa huwezi kumlaumu. Kirusi kilipatikana 1983 Paris kwenye Taasisi ya Pasteur, na Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, 1984 kundi la Robert Gallo Marekani likatoa ushahidi wa kukiunganisha na ukimwi, 1985 kipimo cha damu kikaanza kutumika. AZT ikaruhusiwa 1987 na dozi ya mwanzo ilikuwa kubwa mno, watu waliishiwa damu, wakatapika, na ilikuwa dawa moja peke yake ambayo kirusi kinaizoea baada ya muda, kwa iyo mtu aliyemwona ndugu yake anadhoofika huku anameza vidonge alikuwa na sababu ya kuvishuku vile vidonge.

Sasa jibu lilikujaje. Kuna watu wanaozaliwa na hemofilia, damu yao haigandi, karibu wote ni wanaume, akijigonga goti tu linavimba damu ndani. Walikuwa wanachomwa dawa ya kugandisha iliyotengenezwa kwa kuchanganya damu za maelfu ya wachangiaji, na kabla ya kipimo cha 1985 baadhi ya dawa ile ilikuwa na HIV bila mtu kujua. Uingereza wakawafatilia wote waliokuwa kwenye rejista. Angalia hapo: ugonjwa mmoja, sindano zile zile, nchi moja, sio walevi wa madawa, sio mashoga, tofauti yao ni kwamba wengine walipata dawa yenye kirusi na wengine hawakupata. Wenye hemofilia kali, kati ya 1977 na 1984, walikuwa wanakufa 8 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kuanzia 1985 mpaka 1992 wale wasio na HIV walibaki pale pale, 8 kwa 1,000. Wenye HIV wakafika 81. Matokeo yalichapwa 1995 na mimi sijaona mtu wa upande wa Duesberg aliyeyajibu nikaridhika.

Halafu hilo la dawa kuua Waafrika ndo linaniuma zaidi, maana linafuta watu wetu. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera 1983, miaka minne kabla AZT haijaruhusiwa hata huko Marekani. Mimi nimefanya kazi wodini kule mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati watu bado wanauita ukimwi Juliana na wenzetu wa Rakai, Uganda, ng'ambo ya mpaka wanauita slim. Nimewaona na mkanda wa jeshi umezunguka ubavu mzima mpaka mgongoni, utando mweupe umejaa mdomoni na kooni mpaka maji ya kunywa unampa kwa kijiko na bado analia yakishuka, kuharisha ambako hakuna antibiotiki inayokata, mama zao wanafua mashuka nje ya wodi asubuhi mpaka jioni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonja AZT. Na hawakuwa watu wa njaa, Kagera ile ya ndizi na kahawa, wengi waliotangulia walikuwa wafanyabiashara, madereva, walimu, watu wenye mshahara na nyumba ya bati. Ingekuwa njaa ingeanza na watoto na wazee kama njaa inavyofanya siku zote, hii ilianza na wenye nguvu.

Na kama anataka utafiti, upo wa jirani hapo. Masaka, Uganda, watafiti waliingia vijijini kuanzia 1989 wakapima karibu watu elfu kumi, wakawa wanarudi kila mwaka kuhesabu nani yupo nani kafariki. Kijiji kimoja, kisima kimoja, matoke yale yale, malaria ile ile. Watu wazima wenye HIV walikuwa wanakufa kwa zaidi ya mara kumi ya majirani zao wasio nayo.

Kaka yako asijaribu kupumzika aone. Atakachoona miezi ya mwanzo ni kwamba yuko fiti, na hapo ndo mtego ulipo, maana kirusi kinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache lakini kinga inachukua miezi au miaka kushuka mpaka mtu aumwe. Mwambie aende na maswali yake kliniki, aombe aonyeshwe majibu yake ya wingi wa virusi tangu alipoanza, namba zake mwenyewe zitamwambia kuliko mimi.

Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanafunzi wa maabara. Nimesoma kwamba Robert Koch aliweka kanuni za kuthibitisha kijidudu ndicho kinacholeta ugonjwa, na HIV haijazitimiza. Pia kuna watu wana HIV miaka 20 na hawaumwi, na kuna daktari Mmarekani alijidunga damu ya mgonjwa mbele ya kamera asipate kitu. Tuamini nini? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Swali zuri na nafurahi limetoka kwa mtu wa maabara, tukae nalo.

Koch, daktari Mjerumani, alisimama Berlin Machi 24, 1882 akaonyesha bakteria wa TB, wakati ule ugonjwa uliokuwa unamaliza Ulaya, na kabla ya hapo 1876 alishafanya kazi ya kimeta. Kanuni zake kwa ufupi: kijidudu kipatikane kwa wagonjwa na kisipatikane kwa wazima, kitolewe kikuzwe peke yake, kikiwekwa kwa mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule, halafu kitolewe tena humo. Watu wanaonukuu kanuni hizi kupinga HIV huwa hawasemi kwamba Koch mwenyewe ndiye wa kwanza kuzilegeza, kwa sababu kwenye kipindupindu alikuta watu wenye vimelea tumboni na hawaumwi kabisa. TB aliyoigundua yeye inaonyesha hivyo hivyo, karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa na kati yao asilimia 5 hadi 10 tu ndo wanaougua maishani. Kuna mtu anasema bakteria wa TB haleti TB? Ukoma, Hansen wa Norway aliona bakteria wake 1873, mpaka leo hakuna aliyeweza kumkuza kwenye sahani ya maabara, kwa kanuni ya pili ukoma hauna chanzo. Kwa iyo zile kanuni ni kipimo cha kusaidia, zilitungwa wakati virusi havijajulikana, huwezi kuzifanya sheria.

Na hata hivyo HIV imezipita. Kuna wafanyakazi watatu wa maabara Marekani waliopata ajali kazini, hawakuguswa na damu ya mgonjwa, waliguswa na HIV iliyosafishwa na kukuzwa maabara, kirusi peke yake bila kitu kingine. Wakaambukizwa, seli zao za kinga zinazoitwa CD4 zikashuka, na mmoja akapata nimonia ya Pneumocystis, ile ile ya vijana wa Los Angeles, kabla hajameza AZT hata kidonge. Kirusi kilipochukuliwa kwao kikasomwa kikakutwa ni kile cha kwenye chupa za pale kazini. Hiyo ni Koch mwanzo mpaka mwisho, na hakuna aliyeitaka itokee.

Wale wa miaka 20 wapo. Bila dawa kwa wastani ni kama miaka kumi mpaka ukimwi, na wastani maana yake wapo wa miaka miwili na wapo wa ishirini. Wachache sana, chini ya mmoja kwa mia, kinga yao inakibana kirusi yenyewe, na watafiti wanawasoma mpaka kwenye jeni. Wapo pia wenye asili ya Ulaya waliozaliwa bila mlango wa CCR5 kwenye seli, HIV za kawaida zinashindwa kuingia. Kirusi kisingekuwa chanzo, kukosa mlango wa kirusi kungemkinga mtu vipi na ukimwi?

Daktari wa kwenye kamera ni Robert Willner, alijichoma 1994, na 1995 akafa kwa moyo, kwa iyo hakuishi hata muda wa ugonjwa kujionyesha. Ila hata angeishi, kuchomwa sindano mara moja yenye damu ya mwenye HIV kunaambukiza karibu mara 3 kwa 1,000, hii tunaijua kwa wauguzi wenzetu waliochomwa kazini. Jambo hilo halikuanza na yeye. Mwaka 1892 kipindupindu kimeua zaidi ya watu 8,000 Hamburg, mzee Max von Pettenkofer wa Munich, msomi mkubwa wa usafi wa miji, aliyekuwa anapinga maelezo ya Koch, akaagiza vimelea vya kipindupindu akavinywa mbele ya watu. Akaharisha kidogo tu akasema mmeona. Mwanafunzi wake Emmerich akanywa naye akaumwa vizuri zaidi. Mtu mmoja kunywa na kusalimika hakukuwarudisha wale wa Hamburg.

Na kwa kuwa tunamtaja Koch, nyie wa huku Afrika Mashariki mjue alifika. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Sese, ziwa Victoria upande wa Uganda, anatibu malale kwa dawa ya atoxyl yenye aseniki, akaongeza dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka moja kwa moja. Alikuwa sahihi kuhusu vijidudu na akawaumiza watu wetu kwa dawa, yote mawili ni kweli. Ndo maana simlaumu Mwafrika anayeuliza kwanza kabla ya kumeza.

Daktari, kuna mama anauza virutubisho hapa mtaani anasema Pasteur mwenyewe kabla ya kufa alikiri kwamba kijidudu si kitu, mwili ndo kila kitu. Anasema ukisafisha damu na kula vizuri HIV inatoka yenyewe mwilini. Mke wangu amenunua dozi ya miezi mitatu, hela nyingi. (Msomaji, Arusha)

Pole ndugu yangu. Hayo maneno ya Pasteur kitandani yanasambazwa sana ila hakuna ushahidi wowote wa wakati ule kwamba aliyasema, na mtu aliyetumia maisha yake kwenye chanjo ya kimeta na ya kichaa cha mbwa angekuwa anafuta kazi yake yote. Aliyekuwa anavutana naye ni Mfaransa mwenzake Antoine Béchamp, aliyeamini vijidudu vinatokana na mwili ulioharibika badala ya kuuharibu. Hoja yake ilishafika mwisho mbele ya watu wengine. Vienna 1847, Ignaz Semmelweis aliona kina mama wanakufa na homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari, wanaotoka kupasua maiti wanaingia kuzalisha, kuliko wodi ya wakunga. Akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka kutoka zaidi ya mmoja kwa kumi mpaka kama mmoja au wawili kwa mia. Wale kina mama miili yao haikubadilika, hawakula tofauti, kilichobadilika ni mikono ya daktari.

Ila nusu ya maneno ya huyo mama ni kweli na ndo maana yanauzika. Mwili una kazi yake, TB inampata zaidi mwenye utapiamlo, mgonjwa wa HIV anayekula vizuri anaendelea vizuri zaidi. Ninapokataa ni hapa: HIV inaingia kwenye seli za CD4 zenyewe, zile zinazoamrisha kinga yote, ni sawa na mwizi anayeanza kwa kumuua mlinzi wa geti. Sasa unasema uimarishe kinga ili imtoe kirusi wakati kirusi kiko ndani ya kinga hiyo hiyo, kila inavyochangamka kupigana ndo kinapata seli mpya za kuingia. Mboga za majani, mayai, dagaa, mlishe mkeo vyote hivyo na dawa zake azimeze usiku huo huo. Vile virutubisho apeleke kopo kliniki waangalie kina nini ndani, maana vidonge vyenye chuma na kalisi vinaweza kuzuia dolutegravir, dawa ya HIV inayotumika sasa, isinyonywe tumboni akivimeza pamoja wakati hajala kitu, na hilo wauzaji hawalisemi.

Mnamsema vibaya Thabo Mbeki wakati alikuwa anatetea Afrika dhidi ya makampuni ya dawa. Alikuwa msomi aliyeuliza maswali tu. Kwani kuuliza ni dhambi? (Msomaji, Dodoma)

Hapa nitakaa kidogo na nitaanza na alipokuwa na haki, maana alikuwa nayo. Mbeki alishika urais 1999. Dawa za mchanganyiko zilizoanza kuokoa watu Ulaya na Marekani tangu 1996 zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka. Nchi yake ilipopitisha sheria ya kuingiza dawa za bei nafuu, makampuni 39 ya dawa yakaishtaki serikali mahakamani, Afrika Kusini iliyotoka tu kwenye ubaguzi wa rangi, na kesi hawakuiondoa mpaka Aprili 2001 baada ya dunia kuwapigia kelele. Ongeza na maneno waliyokuwa wanaandika wazungu kuhusu tabia za kingono za Mwafrika, kama vile sisi ni wanyama. Mtu mweusi mwenye akili zake akikasirika hapo namuelewa kabisa.

Lakini hasira ile ikampeleka kwa Duesberg. Mwaka 2000 aliunda jopo la ushauri la rais, akawaweka Duesberg na wenzake upande mmoja na wataalamu wa ukimwi upande mwingine, kama vile bado ni mbili kwa mbili. Hemofilia ilishachapwa 1995, Masaka ilishachapwa. Julai 2000 zaidi ya wanasayansi 5,000 walisaini Tamko la Durban kwamba ushahidi wa HIV kuleta ukimwi uko wazi. Kwenye mkutano huo huo wa Durban alisimama mtoto, Nkosi Johnson, miaka 11, suti imemzidi mwili, aliyezaliwa na HIV, akaiomba serikali iwape kina mama wajawazito dawa ili watoto wasizaliwe kama yeye. Juni 1, 2001 akafariki ana miaka 12.

Na dawa ilikuwepo. Jaribio la Marekani na Ufaransa 1994 lilionyesha AZT kwa mjamzito inapunguza maambukizi kwa mtoto kwa theluthi mbili. Ile sumu ya Duesberg, ndo iliyokuwa inawafanya watoto wazaliwe salama. Kampala 1999 ikaonyeshwa kwamba nevirapine, kidonge kimoja kwa mama akiwa na uchungu wa kuzaa na matone kidogo kwa mtoto, inapunguza karibu nusu ukilinganisha na dozi fupi ya AZT, utafiti uliofanywa Afrika kwa ajili ya Afrika. Kampuni iliahidi kuitoa bure. Serikali ya Mbeki ikaizuia isitoke nje ya vituo vichache vya majaribio, na waziri wake wa afya Manto Tshabalala-Msimang akawa anawaambia watu kitunguu saumu, limau na kiazisukari chekundu. Wananchi wenyewe, wengi wao wagonjwa, chini ya kundi la Treatment Action Campaign la Zackie Achmat, ndio walioipeleka serikali Mahakama ya Katiba wakashinda Julai 2002. Ni watu wale wale waliopambana na makampuni ya dawa kuhusu bei. Ukitaka aliyeitetea Afrika hapo mimi nakuonyesha hao.

Watafiti wa Harvard walipiga hesabu 2008: kati ya 2000 na 2005, kwa kuchelewesha dawa, zaidi ya watu 330,000 walikufa mapema na watoto 35,000 wakazaliwa na maambukizi ambayo yangezuilika. Januari 2005 mzee Mandela aliwaita waandishi nyumbani kwake akasema mwanawe Makgatho amefariki kwa ukimwi, akaomba watu wasiufiche.

Kuuliza sio dhambi, nimesema hapo juu. Mbeki alikuwa na jibu mezani na akaendelea kulishikilia swali akiwa na ufunguo wa stoo ya dawa mkononi, hilo ndo ninalomlaumu nalo na sitapunguza neno.

Dokta, mama yangu alikunywa kikombe cha Babu Loliondo 2011 na yupo mpaka leo. Hamkubali tu. (Msomaji, Singida)

Namshukuru Mungu mama yupo. Nakumbuka ule mwaka, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kijiji cha Samunge, kikombe cha dawa ya mitishamba shilingi 500, foleni ya magari kilomita nyingi na wengine wamefia njiani kabla hawajafika. Mzee simtilii shaka nia yake, bei ile sio ya mwizi. Ila kliniki tuliwapokea waliorudi, waliacha vidonge kwa imani, miezi baadaye wanakuja wamekonda na TB. Muulize mama taratibu, bila kumuaibisha, kama bado anachukua dawa mahali. Wapo wengi waliokunywa kikombe na hawakuacha vidonge, na hao wapo.

Jambo daktari. Huku tunaambiwa kirusi kilitengenezwa Marekani. (Msomaji, Bukavu)

Jambo. Ipo damu ya mwanamume iliyochukuliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959 na ikatunzwa, baadaye ikapimwa ikakutwa na HIV. 1959 hakuna maabara yoyote duniani iliyokuwa na uwezo wa kukata na kuunga jeni. Wanaolinganisha jeni wanakifatilia mpaka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Cameroon, kikaingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne iliyopita, yaelekea kwenye kuchinja nyama, halafu kikashuka mtoni mpaka mjini. Habari ya kutengenezwa ilisambazwa na shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, ilianzia kwenye gazeti moja la India 1983.

Magic Johnson, yule mchezaji wa kikapu wa Marekani mwenye HIV, yuko hai tangu 1991 kwa sababu ana hela, anabadilishiwa damu. Kweli si kweli? (Msomaji, Temeke)

Si kweli hilo la damu. Alitangaza Novemba 7, 1991, akawahi kuanza dawa, na zile za mchanganyiko zilipokuja akaingia humo, mwenyewe amesema mara nyingi anameza vidonge. Dawa za aina hiyo ndo unazopewa bure kliniki ya Temeke.

Daktari naomba usiandike nilipo. Mimi niliiangalia hiyo klipu mapema kuliko wengine. Niliacha dawa, sasa ni mwezi wa tano. Sijaumwa ila nimepungua na usiku natoka jasho. Naogopa kurudi, nesi wa pale ni mkali na atanigombeza mbele za watu.

Ndugu yangu, nenda kesho asubuhi. Kama una kikohozi, homa, au kichwa kinauma sana kisichoisha basi usisubiri kesho, nenda leo. Jasho la usiku na kupungua uzito lazima wakupime TB kwanza, waambie hivyo hivyo kwa mdomo wako, "natoka jasho usiku na nimepungua", wasikuache bila kupima makohozi. Watakupima na CD4 kuona kinga imefika wapi.

Usianze na vidonge vilivyobaki kwenye kopo wala usiazime vya mtu, kwa sababu kama TB ipo kuna dawa ya TB inayopunguza nguvu ya dolutegravir na utahitaji kidonge cha nyongeza kila siku. Ukiacha na kurudi hujaharibu kila kitu, dawa za sasa ni ngumu kirusi kuzizoea, wengi wanarudi kwenye kidonge kile kile kimoja kwa siku na baada ya miezi michache kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu. Kikifika hapo na kikabaki hapo humuambukizi mwenzio kwa tendo la ndoa.

Kama ni ile kliniki tu inayokushinda, unaruhusiwa kuhama, omba barua ya uhamisho au nenda kituo kingine ueleze ukweli, watakupokea. Sema umeacha miezi mitano, usiseme wiki mbili, maana watakachokupima kinategemea hilo. Kama kopo lilikuwa linakusumbua kwa kelele kwenye begi na watu wanauliza, weka pamba ndani, wagonjwa wangu wengi ndo wanavyofanya. Na kama nyumbani kuna mwenza au mtoto aliyezaliwa ndani ya muda huu nao wapimwe, nenda nao siku hiyo hiyo ukiweza.

Ukishapima niandikie tena.